Tulibishana Kuhusu Mgongo, Tukasahau Mfupa

Watu wa Nakuru tunajulikana kwa meno. Ukienda Nairobi kutafuta kazi, ukicheka tu, mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Nakuru, ama?" Meno yana rangi ya chai ya maziwa, mengine yana mistari ya kahawia, na hata upige mswaki mara tano kwa siku hayabadiliki. Shuleni tuliambiwa ni floridi ya kwenye maji, somo likaishia hapo. Hatukuambiwa kwamba floridi haikomi kwenye meno, inaingia hadi kwenye mifupa. Wala hatukuambiwa kwamba kuna wakati madaktari wa nchi tajiri waliwapa wagonjwa floridi hiyohiyo kwa makusudi, wakitumaini itatibu migongo iliyovunjika.

Mimi nimeyajua haya kwa sababu ya shosho.

Ilikuwa mwaka uliofuata Nakuru kufanywa jiji. Shosho alikuwa na miaka 74. Asubuhi moja, kwake upande wa Njoro, aliinua mtungi wa maji wa lita 20 kama alivyoinua mingine maelfu. Kitu kikalia "ko!" mgongoni. Akauweka mtungi chini polepole, akaingia ndani, akalala. Wiki tatu tulimsugua dawa ya kuchua, tukampa Panadol, tukasema uzee ni uzee. Wiki ya nne alishindwa kugeuka kitandani, ndipo tukamkodia teksi hadi mjini.

Eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo, pale mbavu zinapoishia, imebonyea upande wa mbele kama kopo la soda lililokanyagwa. Daktari akasema, "Shosho, hapa pamevunjika." Shosho akamkatalia. "Mimi sijaanguka, daktari." Kwake yeye, na kwetu pia, mfupa huvunjika ukianguka, ukigongwa na boda boda, au ukipigwa. Huvunjikaje kwa kuinua maji?

Daktari wa kwanza alitushauri tumpeleke Nairobi akatiwe simiti kwenye pingili. Wa pili akasema tumfunge mkanda wa mgongo, tumpe dawa za maumivu, tusubiri. Kikundi cha WhatsApp cha familia kikagawanyika mara mbili. Anko wa Nairobi alitaka simiti, hata kama ni kuuza ploti. Anti anayeishi na shosho alisema hakuna mtu atamtoboa mama yake mgongo. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, niko nyumbani, naandika makala za watu mtandaoni kwa malipo ya kuchekesha. Kwa hiyo kazi ikanifikia. Anko aliandika, "Wewe unajua kusoma vitu, tuangalizie." Sikujua kama ni heshima au ni dongo. Nikanunua bando, nikaanza.

*

Kwanza nilitaka kujua ni nini hasa kimevunjika.

Mfupa unaonekana kama jiwe lakini hauko hivyo. Ukiukata, ni kama mandazi, ganda gumu nje, vishimo ndani. Na unajengwa upya kila siku. Kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani, na nyingine zinazojaza mpya. Ukiwa kijana, mafundi wanawashinda wabomoaji. Ukizeeka, inageuka. Vishimo vinapanuka, kuta zinakonda, na siku moja mtungi wa lita 20 unatosha. Ugonjwa huu unaitwa osteoporosisi, jina lililotungwa na Jean Lobstein wa Strasbourg katika karne ya 19. Ila aliyeona nani hasa unampata ni Fuller Albright wa Boston. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliandika kwamba wagonjwa wake wenye pingili zilizobonyea walikuwa karibu wote wanawake waliokoma hedhi. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji. Ikiisha, wanaachiwa uwanja.

Kwa hiyo shosho hakuwa na kosa lolote. Wala mtungi. Kibiongo cha bibi za kijijini, tunachokichukulia kama mvi, mara nyingi ni pingili zilizovunjika moja baada ya nyingine bila mtu kujua. Nyingi huvunjika kimyakimya, hakuna eksirei, hakuna daktari. Watu husema tu amezeeka.

*

Kumnyoosha mtu aliyepinda mgongo ni ndoto ya zamani. Maandishi ya Wagiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanaeleza jinsi mgonjwa alivyofungwa kwenye ngazi, ngazi ikainuliwa na kuachiliwa ghafla ili uti ujinyooshe. Hata mwandishi mwenyewe anawadharau waliofanya hivyo, anasema walikuwa wakitafuta watazamaji. Katika miaka ya 1870, Lewis Sayre wa New York aliwaning'iniza wagonjwa kwa kichwa na makwapa kwenye stendi ya miguu mitatu, kisha akawazungushia plasta kiwiliwili kizima. Picha za kitabu chake cha 1877 zinaogopesha, lakini koti lake la plasta ndilo babu wa ule mkanda ambao daktari wa pili alituandikia.

Wengi wa wagonjwa wa Sayre walikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ule ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza London mwaka 1779. Ndiyo maana daktari alimuuliza shosho kama anakohoa, kama anatoka jasho usiku, kama amekonda. Kenya, pingili ikibonyea, lazima kwanza uondoe wasiwasi wa TB. Ni kwa TB hiyo ndipo swali la kupasua au kusubiri lilipimwa vizuri kwa mara ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1960, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliendesha majaribio Korea Kusini, Hong Kong na Bulawayo. Kule Masan, Korea, kundi moja lililazwa hospitali miezi sita na jingine liliachwa litembee, wote kwa dawa zilezile. Matokeo yalikaribiana. Kule Pusan, koti la plasta halikuongeza kitu. Operesheni kubwa ya Hong Kong ilisaidia kibiongo kisizidi, lakini kilichoponya ugonjwa kwa walio wengi kilikuwa dawa.

Niliposoma hapo nilimpigia anti. Wakati huo shosho alikuwa kitandani mchana kutwa, kwa upendo wetu sote. "Anti, mwinue. Akae, atembee hadi mlangoni. Kulala sana kunamaliza mfupa." Anti akaniuliza, "Ni daktari amesema?" Nikamwambia ni daktari na Wakorea. Akacheka, lakini alimwinua.

*

Halafu nikakutana na floridi.

Mwaka 1932, madaktari wawili wa Copenhagen, Møller na Gudjonsson, walieleza eksirei za wafanyakazi wa kiwanda cha kusaga kriolaiti, jiwe lenye floridi nyingi. Mifupa ilitoka myeupe kupita kawaida, minene, kama imepakwa chokaa. Mwaka 1937 ikaja habari kama hiyo kutoka Nellore, kusini mwa India, na safari hii haikuwa kiwanda. Ilikuwa visima. Wanakijiji walikuwa na migongo iliyokakamaa kiasi cha kushindwa kuinama.

Mtu wa Bonde la Ufa akisoma hivyo lazima atulie kidogo. Miamba yetu ni ya volkano, na maji ya chini hukaa humo miaka mingi yakiokota floridi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1984, Nair na wenzake walichapisha vipimo vya zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya chini ya ardhi Kenya nzima, na kama moja kati ya tano ilipita miligramu 5. Ziwa Nakuru lenyewe, ambalo hakuna binadamu anayelinywa, limewahi kupimwa likakutwa na 2,800.

Sasa fikiria kama daktari wa miaka ya 1960. Una wagonjwa ambao mifupa yao inatoka hafifu kwenye eksirei, kama kivuli. Na unajua kitu kinachofanya mfupa utoke mweupe, mnene. Si utawapa? Mwaka 1961, Rich na Ensinck waliripoti kuwapa wagonjwa sodiamu floridi, na wazo likasambaa. Kwa miaka karibu 30 wanawake wenye migongo kama ya shosho walimeza tembe hizo, Ulaya na Marekani.

Jibu lilikuja mwaka 1990 kutoka Mayo Clinic, Marekani. Riggs na wenzake walichukua wanawake 202 waliokoma hedhi na kuvunjika pingili. Nusu walipewa miligramu 75 za sodiamu floridi kila siku, nusu tembe bandia, na wote kalsiamu, kwa miaka minne. Kwenye mashine ya kupima mifupa, matokeo yalikuwa ya ajabu. Uti wa mgongo wa waliopewa floridi uliongezeka uzito kwa asilimia 35. Ungeishia kwenye picha, ungefanya sherehe. Lakini hesabu ya mifupa iliyovunjika ilisema mengine. Pingili mpya zilizovunjika zilikuwa 163 kwa walionywa floridi na 136 kwa wale wa tembe bandia, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Mifupa mingine ya mwili, kama nyonga na miguu, ilivunjika mara 72 dhidi ya 24. Mwaka 1998 Wafaransa wakachapisha jaribio la dozi ndogo, na hadithi ikawa ileile, kipimo kikapanda na pingili zikaendelea kuvunjika.

Mfupa wa floridi ni mwingi lakini umejengwa ovyo. Ni kama zile fleti zinazopanda haraka pembeni mwa barabara. Ukipita kwa matatu unaona ghorofa limesimama. Hujui ndani nondo ni ngapi.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Miligramu 75 za sodiamu floridi zina floridi kama 34. Mtu wa hapa anayekunywa lita tatu kwa siku kutoka kisima chenye miligramu 11 kwa lita anapata dozi hiyohiyo, maisha yake yote, bila kuandikiwa na daktari. Sisemi maji ndiyo yaliyomvunja shosho. Miaka 74 na hedhi iliyokoma zamani zinatosha. Nasema tu kwamba dawa ambayo dunia iliijaribu miaka 30 ikaitupa, sisi tuliifungulia kwenye mfereji.

*

Niliporudi kwenye simiti ya anko, tayari nilikuwa na shaka na vitu vinavyopendeza kwenye picha.

Simiti hii si ya Bamburi. Ni plastiki ya jamii ile wanayotumia mafundi wa meno bandia, inachanganywa ikiwa uji kisha inaganda kwa dakika chache. Mwaka 1984, katika mji wa Amiens, Ufaransa, Pierre Galibert na Hervé Deramond waliidunga kwa sindano ndani ya pingili ya shingo iliyokuwa imeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Maumivu yakaisha. Walichapisha mwaka 1987, na njia hiyo ikaitwa vetebroplasti. Muda si muda ikahamia kwa wazee wenye osteoporosisi. Baadaye ikaja kaifoplasti, ambapo kibofu kidogo hupulizwa kwanza ndani ya pingili ili kuiinua, ndipo simiti inaingia. Wagonjwa waliingia wakilia na kutoka wakitembea. Nani angebisha?

Mwaka 2009 watu wawili walibisha. Rachelle Buchbinder wa Australia aliongoza jaribio la wagonjwa 78, na David Kallmes wa Mayo Clinic jaribio la wagonjwa 131. Nusu walipata simiti. Nusu walipata igizo. Waliingizwa chumba kilekile, wakapigwa ganzi, mgongo ukaguswa na kubonyezwa, na simiti ikafunguliwa ili harufu yake ijae chumbani, lakini haikuingia mwilini. Hawakuambiwa ni nani kapata nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiwango kinachokaribiana.

Isidhaniwe kwamba wagonjwa walikuwa wanajifanya. Pingili iliyobonyea huwa inapona yenyewe, maumivu mengi hupungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, na mtu huenda kutafuta tiba siku maumivu yamefika kileleni. Chochote utakachofanya siku hiyo kitaonekana kimeponya.

Ugomvi haukuisha. Mwaka 2016 jaribio jingine la Australia, la wagonjwa 120 wenye maumivu makali na mvunjiko wa chini ya wiki sita, lilipata kwamba simiti ilisaidia. Mwaka 2018 Waholanzi wakapima 180 dhidi ya igizo na hawakuona faida ya maana. Mpaka leo kuna madaktari waaminifu kila upande. Wanachokubaliana ni hiki: miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, mkojo au choo kikianza kutoka bila mtu kujua, au kukiwa na TB au saratani kwenye pingili, hiyo si ya kusubiri, kimbia hospitali. Shosho hakuwa na hata moja kati ya hizo.

Niliandika kwenye kikundi ujumbe mrefu kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika chuoni. Nikamalizia, "Tusiuze ploti. Tusubiri." Anko alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alituma pesa za mkanda. Wiki ya tisa shosho alikuwa nje anapepeta maharagwe ameketi kwenye stuli, amepinda kidogo. Wote wakanipongeza. Ati kumbe kuacha chuo si kuacha akili. Nilifurahi, sitadanganya.

*

Miezi kumi baadaye pingili ya pili ilivunjika. Safari hii hakuinua hata mtungi. Alikuwa anatandika kitanda.

Daktari tuliyempata, dada kijana mpole, aliangalia eksirei zote mbili, akauliza swali moja. "Baada ya ile ya kwanza, alianzishiwa dawa gani ya mifupa?"

Tukatazamana. Dawa za maumivu alikunywa. Mkanda alivaa. Dawa ya mfupa? Hakuna aliyeitaja. Na mimi, niliyesoma kuanzia ngazi ya Wagiriki hadi Waholanzi, sikuuliza. Nilikuwa nimeupita utafiti wenyewe nikitafuta ugomvi. Mwaka 2001, Robert Lindsay na wenzake walionyesha kwamba mwanamke akivunjika pingili, uwezekano wa nyingine kuvunjika ndani ya mwaka mmoja ni karibu mmoja kati ya watano. Simiti haigusi hiyo namba. Kusubiri pia hakuigusi. Vyote viwili vinashughulikia pingili iliyokwisha kuvunjika, na mifupa mingine yote inabaki vilevile.

Dawa ilikuwepo muda wote. Inaitwa alendroneti, inawazuia wale wabomoaji. Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 kwa wanawake 2,027 waliokuwa wamevunjika pingili tayari lilipunguza mivunjiko mipya ya pingili karibu nusu, kutoka asilimia 15 hadi 8. Na kwenye mashine ya kupimia? Uti wa mgongo uliwazidi wenzao wa tembe bandia kwa asilimia kama 6 tu. Weka hiyo kando ya 35 za floridi. Ile iliyopendeza kwenye picha iliwaacha watu wakivunjika, na ile ambayo huwezi hata kuiona kwa macho ndiyo iliyowalinda.

Nilimweleza shosho kwamba nilikosea. Nilitaka anigombeze. Akasema, "Mlikuwa mnapigana vizuri, lakini mlikuwa mnapigania kwangu. Hamkuniuliza nataka nini."

"Ulikuwa unataka nini, shosho?"

"Nisiinue maji."

Basi sasa hainui maji. Mitungi ya lita 20 tuliigawa, zimebaki za lita tano, na nikiwa nyumbani ni mimi ninayechota. Anti alinunua chujio la mkaa wa mifupa. Mwaka 1998 Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha mradi wa kuondoa floridi kwenye maji kwa njia hii. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri, husagwa, halafu maji hupitishwa katikati yake. Mfupa hupenda floridi, huikamata na kuishikilia. Kile ambacho mfupa wa ng'ombe unafanya ndani ya ile ndoo ndicho mifupa yetu imekuwa ikifanya miaka yote.

Kila Jumatatu asubuhi shosho anameza tembe yake moja ya wiki, kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji ya kwenye chujio. Masharti ni kwamba asilale na asile kwa nusu saa. Anakaa kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka kadiri unavyoweza kunyooka, anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja basi. Amepungua urefu vidole vinne. Chai iko kwenye thamosi, anainusa.

"Bado?" ananiuliza.

"Bado dakika kumi, shosho."